Nembo Usoni: Je, Alama za Wamakonde Zirudi?

Chukua pasipoti ya Tanzania utazame jalada lake. Bibi na Bwana wamesimama hapo, mlima Kilimanjaro miguuni, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Serikali inaiita picha hiyo Nembo ya Taifa. Neno lenyewe, kabla halijahamia kwenye pasipoti na bahasha za ofisi, lilikuwa likikaa kwenye ngozi za watu. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa nembo ni alama ya kabila inayochanjwa mwilini, na Wamakonde wa Newala, Tandahimba na ng'ambo ya mto Ruvuma wanaziita dinembo. Bibi na Bwana wamebeba jina tu. Nyuso zao ni laini, hazina hata chale moja.

Wenye dinembo halisi leo ni wazee. Ukimwona bibi mwenye mistari ya zigizaga mashavuni na tundu la ndonya, kipande cha mti kilichovaliwa kama pambo, kwenye mdomo wa juu, unamtazama mtu wa mwisho mwisho. Ndiyo maana swali limeanza kuulizwa, mara nyingi kwa hasira: alama hizi ziachwe zizikwe na hao bibi, au zirudi? Wanaosema zife wanataja watoto, dini na wembe. Wanaosema zirudi wanataja ukoloni, heshima na mababu. Nimewasikiliza wote, na kila upande una jambo moja zito na mengine kadhaa ya kujaziajazia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaobishana hawajui ilifanywaje. Fundi alichanja kwa kisu kidogo kinachoitwa chipopo, akasugua kwenye chale masizi ya mbegu za mbarika, ile ambayo wengi wetu tunaiita nyonyo. Kidonda kilipopona, mistari ilibaki na rangi ya bluu inayokaribia weusi. Mara moja haikutosha. Mistari ile ile ilifunguliwa tena na tena, walau mara tatu, ndipo mchoro ukakolea. Usoni zilikaa pembe, zigizaga, nukta na miraba iliyosimama kwa ncha. Tumboni na mapajani mwa wanawake kulikuwa na michoro mingine, mijusi na mitende kwa mfano, iliyohusishwa na mvuto wa ndoa na uzazi. Hiyo mpita njia hakuwa na haki ya kuiona. Mwili mmoja, maandishi ya aina mbili: ya hadharani na ya faragha.

Na wasomaji walikuwapo. Majirani wa Wamakonde, yaani Wayao, Wamwera na Wamakua, nao walikuwa na alama zao. Wamakua walijulikana kwa mwezi mwandamo uliochanjwa kwenye paji la uso. Mtu aliyekulia pande za Masasi enzi hizo alimtambua mgeni kabla hajafungua kinywa. Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu kutoka Leipzig, alipopanda uwanda wa Makonde mwaka 1906, wakati majivu ya Maji Maji hayajapoa, alipiga picha nyingi za nyuso na miili yenye chale, akanasa na nyimbo kwenye silinda za nta za kurekodia sauti. Hata vinyago vilichanjwa. Kinyago cha mapiko, kile anachokivaa mchezaji kichwani mithili ya chungu kilichopinduliwa, kilitiwa nembo kwa kuchongwa au kwa kubandikwa nta nyeusi ya nyuki, ili mzimu anayetokea uwanjani awe Mmakonde kweli, asiwe sura tupu.

Alama hizi hazikuuawa na mkono mmoja. Upande wa Msumbiji, FRELIMO, chama cha ukombozi kilichopigana na Wareno, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na iliyopata wapiganaji wengi kutoka kwa Wamakonde hao hao, ilizipiga vita. Kiongozi wake, Samora Machel, alikuwa na kauli yake: ili taifa liishi, kabila lazima life. Tusiidharau mantiki hiyo kwa haraka. Vita vilivyoanza mwaka 1964 vilihitaji Mmakonde na Mmakua walale kwenye handaki moja, na hapo alama iliyomtangaza kila mmoja kabla hajaongea ilikuwa mzigo. Upande wetu hapakuwa na tamko kali, ingawa serikali ya Tanzania nayo haikuwa na subira na miili ya watu: mwaka 1968 Wamasai walisukumwa waache lubega wavae suruali. Kwa Wamakonde kazi kubwa ilifanywa na shule, msikiti na kanisa. Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Hadithi za Mtume zinamlaani anayechanja na anayechanjwa. Dini zote mbili zikakutana hapo, jambo ambalo si la kila siku. (Pwani, ambako Uislamu ulitangulia kwa karne nyingi, urembo wa mwili ulibaki hina na piko, yaani michoro inayofutika. Bibi harusi anachorwa mpaka viwikoni, na mwezi ukiisha ngozi imerudi kama ilivyokuwa.)

Kuna pia waliozikataa wenyewe, na hawa huwa tunawasahau. Kijana aliyeondoka uwandani kwenda kukata mkonge Tanga au Pwani ya Kenya alibeba usoni jina la kwao, akaenda mahali ambapo hakuna aliyeliheshimu. Akirudi, si ajabu akasema mwanangu hapana. Wamakonde waliohamia Kwale waliishi Kenya miongo kadhaa bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, wakaupata. Dola haisomi uso, inasoma kadi.

Sasa hoja ya wanaosema zife. Ile nzito ni ya mtoto. Dinembo zilichanjwa kwenye umri wa kubalehe, na binti wa miaka kumi na miwili hana namna ya kukataa jambo ambalo mama, shangazi na kijiji kizima wamelipanga. Nijeria iliingiza hilo kwenye sheria yake ya haki za mtoto ya mwaka 2003: kumchanja mtoto alama mwilini ni kosa, adhabu yake faini isiyozidi naira 5,000, au kifungo kisichozidi mwezi mmoja, au vyote viwili. Adhabu ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini msimamo uko wazi: ngozi ya mtoto si ya ukoo.

Watetezi wa jadi wana jibu, na nakiri si jibu la kipuuzi. Wanasema: gusa bega lako. Karibu kila mmoja wetu ana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, alilowekwa akiwa mchanga, bila kuulizwa, kwa sababu wakubwa waliamini linamkinga. Kiswahili chenyewe hakikutofautisha. Chanjo na chale vinatumia kitenzi kimoja, kuchanja. Mabinti wanatobolewa masikio kabla hawajajua kutembea. Kwa nini kovu moja liitwe afya, jingine ukatili?

Nimelifikiria jibu hilo, na naona linakwama mahali pamoja. Kovu la begani halimwambii mtu yeyote mimi ni nani. Nembo ya usoni inasema, na inaendelea kusema hata siku ambayo ungependa inyamaze. Wanaume wa Kinuer wa Sudan Kusini wanachanjwa gaar, mistari sita inayovuka paji la uso kutoka upande hadi upande, alama ya utu uzima na heshima kubwa. Mapigano yalipolipuka Juba Desemba 2013 na Wanuer wakasakwa mtaa kwa mtaa, mwenye gaar hakuwa na mahali pa kuuficha uso wake. Ukimwandika mtu kabila kwenye paji la uso akiwa mdogo, unamfanyia uamuzi ambao utakutana na serikali, vita na miji usiyoijua. Hapo sina cha kupima tena. Chale za utambulisho kwa watoto zisirudi, na anayetaka zirudi kwa jina la mababu awaulize kwanza mabinti.

Suala la wembe lina uzito mdogo kuliko linavyopewa. Ndiyo, kuchangia wembe kunaambukiza VVU na homa ya ini, na kampeni za UKIMWI zilikuwa na haki ya kulikemea. Lakini ni tatizo la vifaa. Vinyozi wetu nao walikuwa wakichangia nyembe, na hatukupiga marufuku kunyoa.

Wanaosema zirudi wakitafuta mfano, wote wanakimbilia Nyuzilandi, na wana haki. Wamaori walichonga nyuso zao kwa uhi, patasi ndogo za mfupa zilizoacha mifereji kwenye ngozi, na mistari hiyo ya moko ilieleza ukoo na cheo cha mwenyewe. Kisha wakaja Wazungu wenye bunduki na hamu ya vitu vya ajabu. Vichwa vilivyokaushwa vya watu wenye moko vikawa bidhaa ya kubadilishana na bunduki, hadi watumwa wakawa wanachorwa ili wauawe wauzwe. Gavana wa New South Wales, aliyekaa Sydney, alipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1831. Haikuzuia Horatio Robley, ofisa wa jeshi la Uingereza, kukusanya vichwa zaidi ya thelathini baadaye. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la historia ya viumbe la New York. Vilirudi nyumbani mwaka 2014. Ufaransa ililazimika kutunga sheria maalumu mwaka 2010 ili virudishwe vilivyokuwa kwenye majumba yake, baada ya mji wa Rouen kujaribu kurudisha kimoja na kuzuiwa mahakamani.

Ukitoka kwenye simulizi hiyo ukatazama leo, mabadiliko yanashangaza. Nanaia Mahuta alichorwa moko kauae, mchoro wa kidevu wa wanawake, mwaka 2016 akiwa mbunge. Mwaka 2020 akawa waziri wa mambo ya nje, akakutana na mabalozi wa dunia na kidevu chake hicho. Shirika la ndege la Air New Zealand liliacha mwaka 2019 kuwanyima kazi watu wenye michoro inayoonekana. Oriini Kaipara akasoma taarifa ya habari ya jioni mwishoni mwa 2021 akiwa na moko kauae, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Tena wote hawa ni watu wazima waliochagua, kwa hiyo hoja ya mtoto haiwagusi hata kidogo.

Je, Mmakonde wa Mtwara au Mbagala afuate njia hiyo? Hapa ndipo ninapoachana na ndugu zangu wa upande wa pili. Wanatazama sindano tu, hawatazami kilichotangulia sindano. Kabla moko haijajaa kwenye nyuso, Wamaori walianzisha shule za chekechea za lugha yao mwaka 1982, na mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Watu walikuwa bado wanaweza kutaja nasaba zao kizazi hadi kizazi, na wanawake wazee wenye kauae walikuwa hawajaisha walipozaliwa wajukuu waliozirudisha. Mahuta alipochorwa, kulikuwa na maelfu ya watu walioweza kuutazama mchoro wake na kuelewa anasema nini. Wasomaji walikuwapo. Kijana wa Dar es Salaam akichorwa nembo ya shavuni kwa mashine ya umeme pale Kinondoni kutoka kwenye picha aliyoipakua, nani atamsoma? Rafiki zake watasema umependeza. Bibi yake atasema mengine, pengine hayafai kuandikwa hapa.

Mchoro usio na msomaji unahama haraka kwenda kwa yeyote mwenye pesa. Mwaka 2003 bondia Mike Tyson alichorwa usoni mchoro wenye sura ya moko na fundi Mmarekani, S. Victor Whitmill. Mwaka 2011 studio ya filamu ilipoutumia mchoro huo usoni mwa mwigizaji mwingine, Whitmill alishtaki akidai hakimiliki, na shauri likaishia kwa makubaliano. Angalia lilivyokaa: sheria iliweza kumwona Mmarekani mmoja aliyeuchora, haikuweza kuwaona Wamaori ambao mtindo ni wao. Kenya ilijaribu kuziba pengo la namna hiyo kwa sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, inayoipa jamii nzima haki juu ya kazi zake. Ni mwanzo mzuri kwenye karatasi.

Lakini nisije nikaonekana nataka kila alama ifungwe kabatini. Wasamoa wameamua kinyume. Kwao ufundi wa tatau, yaani kuchora mwili, haukuwahi kukatika, hata wamisionari walipokemea; mwanamume anachorwa pe'a kutoka kiunoni hadi magotini kwa kitana cha meno kinachogongwa kwa fimbo, siku nyingi za maumivu, na ukoo umekaa kando ukimshika na kumwimbia. Mafundi wao wa ukoo wa Sulu'ape wamewachora na Wazungu, kwa masharti yao. Wapo Wasamoa wasiolipenda hilo. Hata hivyo mlango umefunguliwa na mwenye nyumba, na naona tofauti kubwa kati yake na dirisha lililovunjwa.

Kati ya mlango na dirisha kuna Whang-Od, bibi fundi wa kuchora miili, Mkalinga wa kijiji cha Buscalan, milimani Ufilipino, aliyetokea kwenye jalada la jarida la Vogue la nchi yake mwaka 2023 akitajwa kuwa na miaka 106. Zamani alama za Wakalinga wanaume walizipata waliorudi vitani na ushindi. Leo anazipata aliyevumilia basi kutoka Manila na kupanda mlima. Bibi mwenyewe, kwa sababu ya umri, huweka nukta tatu tu, sahihi yake, na wajukuu zake wa ukooni humalizia. Kijiji kinakula, ufundi umepata warithi, na mabinti wanaugonga mwiba kwa mkono ule ule. Je, maana imebaki? Sehemu imebaki, sehemu imegeuka kumbukumbu ya safari. Mwaka 2021 kulizuka mgogoro baada ya kampuni ya mafunzo ya mtandaoni kutangaza kozi kwa jina lake na ndugu zake kulalamika, kozi iliondolewa. Sina moyo wa kumlaumu bibi wa miaka mia kwa kula na wajukuu zake. Namuonea wivu, kusema kweli, maana sisi hatuna hata foleni ya kulalamikia.

Tulichonacho ni kitu kingine, na ndicho kinachonipa matumaini kidogo. Unyago na jando kusini havijafa. Mapiko yanachezwa. Kanisa lenyewe lililazimika kukubali: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi, alilifanyia jando la Kikristo nafasi badala ya kulifuta. Mila iliyoweza kujikunja hivyo ikabaki hai ina mahali pa kufundishia majina ya mistari, nani aliruhusiwa kuwa nao na kwa nini mjusi alikaa tumboni, bila kuchanja mtoto hata mmoja. Binti akifika miaka ishirini na tano akataka iwe kwenye ngozi yake, atakuwa anajua anachokiandika, na mwali mwenzake atajua kukisoma. Kwa mpangilio huo sina pingamizi. Kuanzia kwenye mashine ya Kinondoni naona ni kuanzia mwisho.

Na mali yenyewe tunaithamini kwa mafungu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yalivunjwa na kinyago cha Kimakonde kikaibwa. Kikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kikarudishwa mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka. Tulipigania uso wa mti, na tulifanya vizuri. Nyuso za nyama zinaondoka Newala kila masika, wala hakuna anayeandika barua Geneva.

Mwaka jana nilisimama kwenye banda moja la vinyago pale Mwenge. Kijana muuzaji alikuwa anamweleza mgeni, kwa Kiingereza chepesi, kwamba mistari ya shavuni kwenye kinyago alichoshika ni alama ya uzazi na baraka za mababu. Mgeni alipogeuka kutafuta pochi, nikamuuliza kwa Kiswahili ile mistari inaitwaje. Akacheka. "Urembo tu, kaka. Wanapenda kuwe na stori."

Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anapiga msasa kiboko cha mpingo. Hakuinua macho. "Tena umeikosea," akamwambia. "Hiyo ni ya tumboni. Umemwekea mtu tumbo usoni."

Kinyago kiliuzwa hivyo hivyo.